Mshika Kamba wa Shoo ya Nakuru

Kwetu Nakuru hakuna anayesema "Maonyesho ya Kilimo". Hayo ni maneno ya mabango na ya mtangazaji wa redio. Sisi tunasema shoo, basi. Wiki ya shoo ikikaribia, matatu hupandisha nauli, wauza pamba za sukari na miwani ya plastiki hutokea sijui wapi, na mtoto ambaye mwaka mzima hukumbushwa mara tatu kuchota maji hugeuka malaika ghafla, maana ana hesabu ya kiingilio kichwani.

Nimejaribu mara kadhaa kuandika historia ya shoo hii, na kila nikianza na ng'ombe najikuta nimeishia kwenye ardhi. Safari hii sikutaka kushindana nayo.

Babu yangu mzaa baba, guka kama tulivyomwita, aliingia uwanja ule mara ya kwanza akiwa ameshika kamba ya fahali wa mtu mwingine. Hiyo ndiyo picha ninayoanza nayo, ingawa picha yenyewe haipo. Aliyepigwa picha siku hiyo ni fahali.

Chama kinachoandaa shoo zote kubwa za Kenya, Agricultural Society of Kenya au ASK, kilianzishwa 1901 kwa jina la East Africa Agricultural and Horticultural Society. Hebu tuutazame mwaka huo. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. Masetla wenyewe walikuwa wa kuhesabika, wengi walikuwa bado hawajapanda meli. Yaani chama cha wakulima kilitangulia wakulima wenyewe.

Maelezo yake ni ya pesa tu. Reli ilikuwa imemgharimu mlipa kodi Mwingereza zaidi ya pauni milioni tano, na treni haijilipii kwa kubeba hewa. Lazima kuwe na kitu cha kupakia: nafaka, sufi, ngozi, siagi. Kamishna wa wakati huo, Charles Eliot, aliamini vitu hivyo vitatoka kwa wazungu watakaopewa ardhi ya nyanda za juu. Kilimo kilikuwepo tayari, na watu waliokijua vizuri ni wapagazi wa kutoka pwani. Misafara iliyokuwa ikienda bara, miaka mingi kabla ya reli, ilisimama Ngong na pande za Kikuyu kununua maharagwe, mahindi, ndizi na viazi vitamu kwa ajili ya mamia ya midomo. Ardhi ya kulisha msafara mzima haiwezi kuitwa tupu. Lakini ardhi iliyokwisha kulimwa haina haja ya tangazo, na shoo ilizaliwa kama tangazo: njoo uone kabichi hii, njoo uone kondoo huyu, nunua tiketi ya meli.

Bonde la Ufa nalo lilikuwa na wenyewe. Jina Nakuru lenyewe inasemekana ni la Kimasai, la mahali penye vumbi, na yeyote aliyefua nguo nyeupe akazianika Nakuru mwezi wa pili hawezi kubisha. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamasai kwenye malisho yao ya Naivasha na Nakuru, sehemu yao ikapelekwa Laikipia. Wa 1911 ukawaondoa tena Laikipia, wakashushwa kusini. Kwa hiyo wenye ng'ombe walihamishwa kwanza, halafu baada ya muda pakaanza kutolewa vikombe kwa ufugaji bora wa ng'ombe. Sisemi hivyo ili nipate la kuchekesha. Ndivyo mambo yalivyofuatana.

Mtu anayetajwa kila mara habari hizi zikisimuliwa ni Lord Delamere. Alipata ekari laki moja Njoro mwaka 1903, na masimulizi ya masetla humpamba kama shujaa aliyepata hasara kwa ajili ya wote. Hasara kweli alipata. Kondoo wake wa merino kutoka ng'ambo walikufa, ng'ombe wa kisasa wakafa kwa ndigana, ngano ikaliwa na kutu. Akahamia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, akaajiri Wamasai wamchungie, kwa sababu hakuna aliyejua zaidi yao jinsi ya kumweka ng'ombe hai kwenye bonde lile. Mimi Delamere simwonei wivu wala simchukii sana. Ninachokiona ni kwamba jina lake limebaki hata kwenye barabara za ukumbusho wa watu, na wachungaji wake hatuna hata mmoja wa kumtaja.

Sasa nifike kwenye neno ambalo bila hilo siwezi kuielewa shoo ya zamani: kifagio.

Mashamba ya masetla yalilimwa na maskwota. Skwota alikuwa mtu aliyekaa kwenye shamba la mzungu pamoja na familia, mbuzi na ng'ombe wake, akipewa kipande cha kulima, naye akilipa kwa kazi. Sheria ya 1918 ilitaka afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Mwanzoni mabwana walifurahia mpango huo: ardhi waliyopewa ilikuwa kubwa kuliko uwezo wao, na ng'ombe wa skwota walileta samadi bure. Lakini kadiri bwana alivyoanza kununua ng'ombe wa gredi, wale wenye ukoo ulioandikwa kitabuni, ndivyo alivyowaogopa ng'ombe wa jirani yake mweusi. Watamletea kupe. Watamaliza nyasi. Na kulikuwa na hofu ya pili ambayo haikutajwa kwa sauti kubwa: mtu mwenye mbuzi sitini hana haraka ya kwenda kwenye mshahara wa shilingi nane.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ikaanza kuondolewa mashambani. Wengine waliamriwa wauze, wengine walifukuzwa na mifugo yao yote. Watu waliita jambo hilo kifagio, kwa sababu ndivyo lilivyopita. Tabitha Kanogo ameliandikia vizuri katika kitabu chake cha 1987, Squatters and the Roots of Mau Mau. Nilipokisoma chuoni nilishangaa kukuta neno ambalo nililisikia utotoni jikoni kwa nyanya, nikidhani ni fumbo la wazee tu. Kisha sheria ya 1937 ikazipa halmashauri za masetla nguvu ya kuamua skwota afuge wangapi, au asifuge kabisa, na siku za kazi zikaongezwa.

Baba yake guka alikuwa skwota upande wa Njoro. Kifagio kilipopita guka alikuwa kijana mdogo wa kuchunga, na mifugo aliyokuwa akiichunga iliuzwa kwa bei ya kutupa. Miaka kama kumi na tano baadaye, shamba hilohilo, akapewa kazi ya kumtunza fahali.

Kazi hiyo alinisimulia kwa mapenzi, na hapo ndipo nilipokuwa nikichanganyikiwa. Nilitarajia uchungu. Yeye alinieleza sabuni. Fahali wa shoo huanza kuandaliwa wiki nyingi kabla. Kwanza unamzoesha kamba: asubuhi na jioni mnatembea barabara ya shamba, kwenda na kurudi, mpaka aache kukuvuta na aanze kukusikiliza. Unamfundisha kusimama, miguu ya mbele sambamba, mmoja wa nyuma umesogea kidogo, mgongo umenyooka kama meza. Unamwosha kwa sabuni ambayo watoto wako nyumbani hawajawahi kuogea. Unachana ncha ya mkia mpaka ifumke kama ua. Unapaka kwato mafuta. Usiku wa kuamkia siku yenyewe unalala naye bandani kwenye uwanja wa shoo, juu ya majani makavu, kwa sababu akilala kwenye mavi yake asubuhi kazi yote imekwenda. Halafu unavaa koti jeupe, ambalo kesho yake linarudishwa stoo.

Nilimuuliza siku moja, "Guka, mkishinda mlikuwa mnapewa nini?"

"Nani ashinde?"

"Nyinyi. Wewe na fahali."

Akacheka mpaka akakohoa. "Fahali alipewa utepe. Bwana akapewa kikombe. Mimi nikapewa fahali nimrudishe nyumbani."

Ukitaka kuona jinsi mambo haya yalivyokwenda mbali, mtazame ng'ombe aina ya Boran. Ni ng'ombe wa Waborana, wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, waliochaguliwa na wafugaji hao kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya ukame, kupe na safari ndefu. Masetla wa Laikipia na kwingineko waliwanunua kutoka kaskazini, wakaona wanafaa kuliko wale wa Ulaya waliokuwa wakifa, na mwaka 1951 wakaunda chama cha wafugaji wa Boran, chenye masharti ya rangi na umbo. Leo Boran husimama kwenye uwanja wa shoo na waamuzi humkagua mabega na nundu. Kabila zima limeachiwa jina lake juu ya mgongo wa ng'ombe.

Kahawa ndiyo ilikuwa kinyaa zaidi. Kwa muda mrefu Mwafrika katika Kenya hakuruhusiwa kupanda kahawa hata kidogo. Katikati ya miaka ya 1930 pakafunguliwa majaribio madogo Kisii, Meru na Embu, na mlango haukufunguka sawasawa mpaka miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa hiyo mtu aliweza kuchuma kahawa, kuikausha, kuichambua punje kwa punje, kuibeba mpaka mezani penye utepe, na akakamatwa kama angeotesha mche mmoja nyuma ya nyumba yake.

Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Wakikuyu kwa maelfu wakatolewa mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa "kwao", mahali ambapo wengi wao walikuwa hawajawahi kuishi. Kulikuwa na kambi za muda Nakuru za kuwashikilia kabla ya malori. Guka alikaa kwenye mojawapo wiki kadhaa, na katika habari zote za kambi hiyo alipenda kurudia moja tu, kwamba hakujua ni nani aliyekuwa akimpa fahali maji.

Agosti 12, 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Kenyatta alikuja Nakuru kuzungumza na masetla. Aliwaomba wasamehe, nao wasamehewe, na wale waliotaka kulima wabaki walime. Wanahistoria huielezea hotuba ile kama mwujiza wa siasa. Kwa wale waliokuwa nje ya ukumbi ilikuwa na maana nyingine rahisi: mashamba hayatagawanywa bure. Yatanunuliwa. Mpango wa ekari milioni moja ulikuwa umeanza tangu 1962, kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, na aliyepewa kiploti alipewa na deni lake. Wengine walichanga, wakaunda vyama na kampuni za kununua ardhi. Guka, aliyekuwa amerudi bondeni kabla ya uhuru, alinunua hisa katika kampuni moja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baada ya miaka ya kungoja na mikutano ya kelele akapata ekari tatu, upande wa Kuresoi, si mbali sana na Molo.

Shoo yenyewe ilibadilika majina kwanza, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Neno "Royal" lililokuwa kwenye jina la chama likaondolewa. Nairobi, uwanja ulioitwa Mitchell Park kwa heshima ya Gavana Philip Mitchell ukawa Jamhuri Park. Rais akawa mlezi wa chama. Mengine yalibaki yalivyo: uwanja wa katikati, koti jeupe, utepe, kikombe, hotuba, chakula cha mchana cha wakubwa chini ya hema.

Lakini hapa lazima niwe mkweli, maana wenzangu tunaopenda kuandika kuhusu ukoloni huwa tunaishia hapo, tukafunga daftari. Miaka ile ya sitini na sabini shoo ilifanya kazi kubwa, na ilimfanyia guka. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara, H611, yaliyotokana na kuchanganya mahindi ya Kitale na aina moja iliyoletwa kutoka milima ya Ecuador. Guka hakuwa msomaji. Aliyaona kwenye kishamba cha mfano ndani ya uwanja wa shoo, mistari miwili, ya zamani na mpya, imepandwa siku moja, mbolea sawa. Akamenya hindi moja wakati mwenye stendi anatazama kando, akahesabu punje. Msimu uliofuata akanunua mbegu. Kenya nzima ilifanya hivyo, na wenye ekari mbili tatu hawakuachwa nyuma na wenye mia tano, jambo ambalo si la kawaida katika historia ya kilimo popote.

Na ng'ombe vilevile. Kituo cha Kabete kilikuwa kikitoa mbegu za mafahali bora tangu 1946, na baada ya uhuru serikali ikazisogeza hadi kwa mkulima mdogo kwa bei nafuu. Kwa hiyo fahali ambaye guka alimvuta kwa kamba ujanani alikuja sasa kwa gari, ndani ya mtungi, mpaka kwenye zizi lake mwenyewe. Ndama wa kwanza aliyezaliwa hivyo alimwita jina la bwana wake wa zamani. Nyanya alikataa kulitamka, akamwita tu Freshia.

Kulikuwa pia na 4-K, vilabu vya watoto wa shule vilivyoanzishwa 1962 kwa mfano wa vile vya 4-H vya Marekani, ambavyo huko ndivyo vinavyojaza mabanda ya shoo za kaunti. Kwetu herufi zilitafsiriwa vizuri kuliko kawaida: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mimi nilikuwa memba miaka ya 1980. Tulipeleka sukuma wiki. Hatukushinda chochote, na nakumbuka kidogo sana kuhusu sukuma wiki zenyewe. Nakumbuka mbwa wa polisi wakiruka duara la moto. Nakumbuka bendi, na vijana wa National Youth Service wakitembea kama mtu mmoja mwenye miguu elfu. Stendi ya Magereza ilikuwa na makochi mazuri ambayo mama alikuwa akiyagusa kila mwaka na hakununua hata moja. Maziwa tuliyajua tayari, tulikuwa tukipewa shuleni kwenye pakiti zile za pembetatu, maziwa ya Nyayo, lakini ya stendi ya KCC yalikuwa baridi, na baridi ilikuwa kitu kikubwa.

Guka alikuwa akilipa kiingilio, anapita yote hayo bila kugeuza shingo, anakwenda kuegemea uzio wa uwanja wa ng'ombe. Hakuwa akitazama ng'ombe. Alitazama mikono ya walioshika kamba. "Yule anamvuta," alikuwa akisema. "Fahali akivutwa anaonyesha shingo tu. Lazima aje mwenyewe." Mtangazaji angesoma kwenye kipaza sauti jina la fahali, jina la shamba, jina la mwenye shamba, ambaye siku hizo angeweza kuwa waziri au jenerali au kampuni. Kijana mwenye koti jeupe angekimbia kando ya mnyama, akitazama chini. Nilimuuliza kwa nini hapeleki Freshia wetu kwenye mashindano, kwa kuwa alikuwa ng'ombe mzuri. Akahesabu kwa vidole: lori, karatasi za ukoo, siku nne bila kukamua kwa ajili ya KCC. Kidole cha nne akakiacha wazi.

Alikufa 1996, akazikwa kwenye ekari zake tatu. Shangazi yangu, bintiye wa mwisho, akabaki pale.

Januari 2008 sihitaji kuielezea sana kwa msomaji wa Kenya. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kutangazwa, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa Januari mosi likiwa na watu ndani. Nakuru mjini moto ulifika mwishoni mwa mwezi, na hapakuwa na kabila ambalo halikufanya na halikufanyiwa. Ninalotaka kulisema ni mahali watu walipokimbilia. Makanisa, vituo vya polisi, uwanja wa mpira wa Afraha, na viwanja vya shoo. Eldoret, kiwanja cha shoo. Nairobi, Jamhuri Park. Nakuru, kwetu, kiwanja cha shoo.

Sababu zake ni za kawaida kabisa. Kiwanja cha shoo kina uzio, kina lango linaloweza kulindwa, mifereji ya maji, vyoo vingi, mabanda yenye paa, na nafasi tupu karibu mwaka mzima. Kilijengwa ili kupokea umati na wanyama kwa muda mfupi. Mtu aliyehitaji kambi kwa saa ishirini na nne asingeweza kuchora ramani bora.

Nilimkuta shangazi siku ya nne, baada ya kuzunguka mahema tangu asubuhi nikitaja jina lake. Hakuwa kwenye hema. Alikuwa amepata nafasi kwenye banda la ng'ombe, na aliona ni bahati, kwa sababu sakafu ya saruji ina mteremko na maji ya mvua hayatuami. Vigawanyo vya fahali na fahali vilikuwa vimekuwa kuta kati ya familia na familia. Kwenye pete za chuma ukutani, zile za kufungia kamba, watu walikuwa wameanika nguo za watoto. Nilikuwa nimebeba blanketi mbili na unga, nikasimama tu. Yeye ndiye aliyeanza.

"Babako mkubwa aliwahi kulala humu," akasema. Alimaanisha guka. "Mara ngapi alituambia? Juu ya majani makavu. Mimi naona hata majani hakuna."

Hati ya shamba alikuwa nayo, ndani ya karatasi ya plastiki, imefungwa tumboni kwa leso. Alinionyesha kama mtu anayeonyesha kidonda. Jina la guka lilikuwa bado juu yake, halikuwahi kubadilishwa.

Mei mwaka huo serikali ilianza Operesheni Rudi Nyumbani. Kila familia iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Wengine walirudi, wengine walichanga pesa hizo wakanunua vipande vidogo kwa pamoja kando ya barabara, wakapiga mahema yaleyale juu ya ardhi yao mpya. Shangazi alirudi mara moja, kuona kaburi. Baadaye akauza, kwa bei ambayo ukoo mzima tunaijua na hakuna anayeitaja.

Mimi sikukanyaga shoo kwa miaka mingi baada ya hapo. Niliona kama ni utovu wa adabu kwenda kula pamba ya sukari pale. Kaunti zikaja 2013, zikajenga mabanda yao ya rangi. Korona ikafunga kila kitu 2020. Jina la shoo nalo limerefuka siku hizi, lina "biashara" na maneno mengine ndani yake ambayo matatu hazijayapokea.

Aliyenirudisha ni shangazi mwenyewe. Anakaa sasa kwenye chumba cha kupanga mjini, ana kuku, na mwaka jana alinipigia simu akasema ana hamu ya kuona ng'ombe. Tukaenda. Aliyapita mabanda ya wakubwa kama babake alivyokuwa akiyapita. Pale lilipokuwa banda alilolalia alipunguza mwendo kidogo, akatazama ndani, kulikuwa na Ayrshire wanne na kijana aliyelala juu ya majani makavu akiwa amefunika uso kwa koti jeupe.

"Wamemwekea majani," akasema.

Kijana akaamka, tukasalimiana. Nilimuuliza ng'ombe ni wa nani, akataja shamba. Nikamuuliza nani amemfundisha kutembea. Akanitazama kuona kama namchezea. "Ni mimi," akasema, akachukua brashi akaanza kumchana mkia. Shangazi akamwambia asimvute kesho, amwache aje mwenyewe. Kijana akamwitikia kwa heshima, "Sawa mama," kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake tayari.

Njia ya kwenda uwanja wa katikati imejaa sasa stendi za kampuni za kuuza ploti. Robo ekari, nane ya ekari, lipa pole pole, lami dakika tano. Nilihesabu stendi za ploti nyingi kuliko za mbegu, ingawa sitaapa, maana nilichoka mapema. Msichana mwenye fulana ya kijani alimpa shangazi karatasi yenye picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Shangazi akaisoma yote, mbele na nyuma, miwani ikiwa nchani mwa pua.

"Na hati iko?" akauliza.

"Iko njiani, mama. Inashughulikiwa."

Shangazi akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba, akanishika mkono tukaenda kwenye uzio kutazama mafahali.